Wazazi wa timu wanataka saini yangu ili kumwokoa kocha. Niitoe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wangu wa 16 Marekani. Natunza wazee zamu ya usiku, mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Sikuwahi kufikiri nitakuandikia kuhusu mpira.

Kijana wetu wa kwanza ana miaka 20. Urefu futi sita na inchi tano, uzito kilo 138. Sijui kamrithi nani, maana baba yake akivaa fulana ya kijana anaonekana kavaa kanzu. Anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, katika timu ya chuo kikuu. Yeye ni mmoja wa wale watano wa mbele wanaomkinga mrusha mpira asiangushwe. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa siangalii mechi, naangalia tu kama jezi namba 64 imeinuka kutoka chini.

Alipokuwa anamaliza sekondari, vyuo vinne vilimtaka. Vitatu vilituma makocha wasaidizi. Cha nne alikuja kocha mkuu mwenyewe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akakaa nasi, nikampakulia pilau ya kuku na kachumbari, akala sahani mbili. Akaniambia, "Mama, kuanzia leo mimi ni baba yake wa pili." Nililia, Shangazi. Tukachagua chuo chake.

Sasa mwishoni mwa mwaka jana chuo kimeleta mkurugenzi mpya wa michezo. Kabla hajajua hata choo kiko upande gani, akaanza kupangua. Ameajiri meneja mkuu wa timu ambaye bosi wake si kocha, ni yeye mkurugenzi. Huyo meneja ndiye anayeamua nani alipwe kiasi gani katika zile fedha ambazo vyuo sasa vinawalipa wachezaji, na nani asajiliwe kutoka vyuo vingine. Kocha akimtaka mchezaji anaambiwa asubiri. Kocha wa viungo, aliyekuja na kocha mkuu kutoka chuo chake cha zamani, ameondolewa baada ya vijana wawili kuanguka kwenye mbio za alfajiri, na mazoezi ya adhabu yamepigwa marufuku. Tena inasemekana mkurugenzi alimpigia kocha simu usiku baada ya mechi moja kumuuliza kwa nini mrusha mpira fulani hapangwi. Wazazi wote tunajua baba wa kijana huyo jina lake limechongwa kwenye ukuta wa jengo jipya la mazoezi.

Kundi letu la wazazi linawaka moto. Mama wa nahodha ameandika barua kwa rais wa chuo, inadai kocha arudishiwe "mamlaka kamili juu ya kila jambo linalohusu timu," la sivyo wazazi tutazungumza na waandishi wa habari. Karibu wote wameshatia saini. Tumebaki wachache.

Kocha hajaniambia lolote mimi. Ila baada ya mazoezi alimshika kijana wangu bega akamwambia, "Mama yako ni mtu wa heshima, najua atafanya linalofaa." Kijana kanipigia simu: "Mama, usiposaini mimi nitaonekanaje?" Msimu ujao anagombea namba katika kikosi cha kwanza. Mume wangu anasema wenye nyumba wakigombana mpangaji hufunga mlango wake.

Naomba unisaidie. Mtu aliyekula pilau yangu na kumlea mwanangu, nikimwacha peke yake siku ya shida, si nitakuwa msaliti? Na huyo mkurugenzi ana haki gani ya kumwingilia? Kocha si ndiye anayeujua mpira?

Mama wa Jezi 64, Marekani

*

Marahaba, mwanangu.

Najua unasoma haya umetoka zamu na macho yanauma, kwa hiyo jibu lije mwanzo: usiisaini barua hiyo kama ilivyo sasa. Sababu umeiandika wewe mwenyewe, katikati ya sentensi, ukaipita kama basi la mkoani linavyopita kijiji kisicho na kituo. "Baada ya vijana wawili kuanguka kwenye mbio za alfajiri." Wewe uliendelea na safari, mimi nikashuka hapo.

Acha nikusimulie jambo lililotokea Chuo Kikuu cha Maryland, na nakuomba ulisome hata kama mkono unatetemeka, kwa sababu kijana huyo alicheza nafasi ileile ya mwanao. Aliitwa Jordan McNair, miaka 19, mkubwa wa mwili kama wako. Tarehe 29 Mei 2018 timu ilikuwa kwenye mazoezi, wanakimbia mbio za yadi 110 mara kumi. Akaanza kuishiwa. Uchunguzi ulioagizwa na chuo chenyewe ulikuta kwamba kati ya dalili za kwanza na gari la wagonjwa kuondoka ilipita zaidi ya saa moja na nusu. Hakutiwa kwenye maji ya barafu, ambayo ndiyo tiba ya kwanza ya mtu aliyezidiwa na joto la mazoezi, na kila anayesimamia timu anapaswa kuijua. Alifariki tarehe 13 Juni.

Baada ya msiba ndipo watu wakauliza swali ambalo wazazi wenzako wangelichukia: nani alikuwa bosi wa kocha wa viungo? Tume iliyoichunguza timu ile ilikuta hakuna aliyekuwa anamsimamia ipasavyo. Kocha mkuu, DJ Durkin, ndiye aliyemleta na alimwamini. Idara ya michezo ilikuwa na viongozi waliokuwa wakibadilishana viti na kutazamana. Kila mmoja aliona huyo ni mtu wa kocha, na mambo ya timu ni ya kocha.

Kilichofuata kinakuonyesha jinsi mamlaka yanavyogongana huko juu. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo bodi inayosimamia vyuo vya jimbo ilipendekeza Durkin arudi kazini. Rais wa chuo, Wallace Loh, alitangaza siku hiyohiyo kwamba atastaafu. Wanafunzi wakapiga kelele, wanasiasa wakapiga kelele, baadhi ya wachezaji wakatoka kwenye kikao cha kocha. Kesho yake, tarehe 31, Loh akamfukuza Durkin, kinyume na mapendekezo ya bodi. Siku iliyofuata mwenyekiti wa bodi akajiuzulu. Mwaka 2021 jimbo lilikubali kuilipa familia dola milioni 3.5. Familia ile ilikuwa na mzazi kama wewe, ambaye na yeye, naamini, aliahidiwa mtoto wake ataangaliwa.

Kwa hiyo mkurugenzi wako mpya anapomwondoa kocha wa viungo baada ya watoto wawili kuanguka, mimi siiti huko kuingilia. Naita kufanya kazi anayolipwa. Labda ana kiburi, labda ana haraka, labda hata salamu hajui. Sijali. Kwenye hilo ningempikia pilau yeye.

Rudi sasa kwenye ile barua. "Mamlaka kamili juu ya kila jambo linalohusu timu." Neno lililonikaba ni "kila." Mpira anaujua kocha, hapo umesema kweli. Nani aanze, mchezo upi uitwe zikiwa zimebaki sekunde 40, nani awe nahodha, mazoezi yawe na mbinu gani: hayo ni yake, na mkurugenzi akiyagusa amevuka mpaka. Lakini mwili wa mwanao si mpira. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinataka kila chuo kiwape madaktari na matabibu wa timu mamlaka yasiyopingwa ya kuamua mchezaji yupi apumzike na yupi arudi uwanjani. Yasiyopingwa na kocha, na yasiyopingwa na mkurugenzi pia. Tena chuo lazima kiwe na mtu aliyeteuliwa kusimamia huduma hiyo ya afya. Muulize kijana wako leo kama analijua jina la mtu huyo. Kama halijui, alitafute kabla ya kutafuta saini ya mama yake.

Barua ya mama wa nahodha ikiandikwa upya iseme "mamlaka kamili juu ya kikosi na mbinu," nitaanza kukusikiliza. Maana sitaki ufikiri mimi ni wakili wa wakurugenzi. Ile simu ya usiku kuhusu mrusha mpira, kama ni kweli, ni uchafu. Na narudia, kama ni kweli. Umesema "inasemekana," na kundi la wazazi ni mahali ambapo mtu akipiga chafya saa mbili, saa tatu ameshazikwa. Lakini mambo hayo yapo. Mwenye pesa anajenga jengo, kisha anataka jengo limpangie mwanawe namba.

Viongozi wa vyuo wamefanya vituko ambavyo mtu ukisimulia kijiweni utaambiwa umetunga. Novemba 2003, chuo cha Auburn kule Alabama kilikuwa na kocha anaitwa Tommy Tuberville, yuko kazini, ana mkataba, na zimebaki siku mbili acheze na mahasimu wao wakubwa. Rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo na wajumbe wawili wa bodi wakapanda ndege ya benki ya mjumbe mwingine wa bodi, tajiri aliyejulikana kuwa na sauti kubwa katika mambo ya timu, wakaenda kimyakimya kumwona kocha wa chuo kingine kama angependa kiti hicho. Siri ikavuja. Tuberville alikuwa ameshinda mechi ile ya mahasimu, watu wakawa upande wake, ikawa aibu tupu. Rais akajiuzulu miezi michache baadaye. Mwezi Desemba taasisi inayotoa ithibati kwa vyuo vya kusini iliiweka Auburn chini ya uangalizi, na moja ya malalamiko yake ya muda mrefu ilikuwa ni hao wajumbe wa bodi kuingiza mikono kwenye michezo. Msimu uliofuata Tuberville alishinda mechi zote 13. Kocha akiachwa afundishe, wakati mwingine anawajibu watu hivyo.

Kwa hiyo kuna mabosi wabaya. Na kuna makocha waliopewa "kila jambo" hadi wakawa hawaguswi. Kocha Joe Paterno aliifundisha timu ya chuo cha Penn State kuanzia 1966. Mwaka 2004, akiwa na miaka 77 na timu inapoteza, rais wa chuo na mkurugenzi wa michezo walimfuata nyumbani kwake kumwomba afikirie kustaafu. Akakataa, na wao wakaondoka. Hebu jiulize ni kazi gani nyingine ambayo bosi anakuja nyumbani kwako kukuomba uache kazi, unasema hapana, na yeye anaaga. Miaka 7 baadaye chuo kilimfukuza kwa simu usiku, pamoja na rais yuleyule, baada ya kufichuka unyama wa aliyekuwa msaidizi wake dhidi ya watoto. Walipouliza ilikuwaje jambo zito hivyo lisifike panapohusika, jibu moja lilikuwa kwamba timu ilikuwa dola ndani ya dola.

Hata pale pasipo na unyama, vichwa hugeuka. Mwaka 2011 rais wa chuo cha Ohio State, Gordon Gee, aliulizwa kama angemfukuza kocha wake Jim Tressel, aliyekuwa kwenye matatizo na NCAA. Akajibu kwa mzaha kwamba yeye anaomba tu kocha asimfukuze yeye. Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha pembeni mwa mdomo. Tressel alijiuzulu mwezi Mei mwaka huo. Mwaka 2014 akawa rais wa chuo kikuu kingine. Ndiyo, kocha akawa rais. Marekani ukikaa sana unaacha kushangaa.

Umeuliza mkurugenzi ana haki gani. Zamani ungeweza kuuliza hivyo, siku hizi jibu liko kwenye pesa. Hadi juzi chuo chenyewe hakikuwalipa wachezaji. Kuanzia Julai 2021 waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na fedha hizo zilitoka kwa wafadhili na vikundi vyao, huku kocha akiwa karibu nao. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi iitwayo House, na tangu Julai mwaka huo chuo kilichojiunga kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, mwaka wa kwanza hadi kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote, na kikosi cha futiboli kina kikomo cha wachezaji 105. Sasa fikiri kama mtu wa ofisi: fedha za chuo, mikataba ya chuo, na kesi zikija ni za chuo. Nani atamwachia kocha kalamu na daftari la hundi kwa pamoja? Ndipo wakazuka hawa mameneja wakuu.

Hapa vyuo havifanani, na ni vizuri ujue. Stanford mwishoni mwa 2024 ilimweka Andrew Luck, aliyekuwa mrusha mpira wao nyota, kuwa meneja mkuu aliye juu ya kocha, na Machi 2025 akamfukuza kocha. North Carolina walipomchukua kocha Bill Belichick, alikuja na meneja wake mwenyewe, rafiki wa siku nyingi. Cheo ni kilekile, lakini mmoja anamfukuza kocha na mwingine anamsaidia kocha. Chuo chenu kimechagua njia inayoelekea ya kwanza. Kocha wako hapendi, na mimi singeipenda kama ningekuwa yeye. Lakini ni mpangilio wa kazi, haujamwonea mtu, na saini yako haitaubadilisha.

Tena usifikiri mkurugenzi ndiye kilele. Oktoba 2025, LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, ilimfukuza kocha Brian Kelly huku mkataba wake ukidai zaidi ya dola milioni 50 za kumwondoa. Siku chache baadaye gavana wa Louisiana alisema hadharani kwamba mkurugenzi wa michezo, Scott Woodward, hatamchagua kocha anayefuata. Haukupita muda, Woodward naye hayupo. Juu ya kocha kuna mkurugenzi, juu yake rais, juu yake bodi, na kwenye chuo cha serikali juu ya bodi kuna mtu anayehesabu kura. Barua yenu mnaipeleka kwa mtu wa katikati ya ngazi.

Sasa pilau.

Mwanangu, sikuchekei kwa kulia. Ningelia pia. Mtu akivua viatu mlangoni kwangu bila kuambiwa, moyo wangu unafungua dirisha. Lakini kocha kuja nyumbani kwa mchezaji ni sehemu ya kazi yake, kama wewe unavyomshika mkono mzee wa watu usiku ukamwambia asiogope. Upendo wako kwa yule mzee ni wa kweli, na zamu ikiisha unarudi nyumbani kwako. Kocha Lane Kiffin aliifikisha timu ya Ole Miss, chuo kikuu cha Mississippi, kwenye ushindi wa mechi 11 kati ya 12, timu inaelekea kwenye mtoano wa kitaifa, na tarehe 30 Novemba 2025 akakubali kazi LSU. Aliomba abaki kuifundisha Ole Miss hadi mtoano uishe. Mkurugenzi wa michezo, Keith Carter, akakataa na kumpa timu msaidizi Pete Golding. Wapo waliosema Carter amewanyima vijana kocha wao. Mimi nilisema mtu hawezi kuoga kwenye nyumba mbili asubuhi moja. Kiffin naye bila shaka aliwaambia akina mama wengi maneno matamu sebuleni kwao, na pengine aliyamaanisha.

Niliishi Marekani miaka 17. Tisa kati ya hiyo nilikuwa karani katika ofisi ya misaada ya masomo ya chuo kimoja chenye timu kubwa, sitakitaja. Kila kocha alipobadilika, walikuja kwenye dirisha langu vijana warefu kama milingoti, wamenywea, wanasema "lakini kocha aliniahidi." Nikawa nawauliza, imeandikwa wapi? Mmoja alitoa simu akanionyesha picha amekumbatiwa na kocha. Nilimpa karatasi ya pua.

Kwa hiyo sikiliza mambo ya dirishani. Ufadhili wa mwanao hautolewi na kocha. Unatolewa kwa maandishi na ofisi ya misaada ya masomo. Ukipunguzwa au kufutwa, chuo lazima kimjulishe kwa maandishi kwamba ana haki ya kusikilizwa, na wanaomsikiliza hawatoki idara ya michezo. Aitoe barua yake ya ufadhili, asome ni ya mwaka mmoja au zaidi. Kama ana mkataba wa malipo na chuo, asome nani ametia saini upande wa pili, na inasemaje akiumia au akihama. Kama hajaelewa, amtafute mwanasheria anayejua mikataba ya wanamichezo, si mjomba wa rafiki yake. Nasema asome yeye, kwa sababu tangu aanze chuo taarifa zake ni zake kisheria, na ukiwapigia simu kuhusu rekodi zake watakuambia kwa upole sana kwamba hawawezi kuzungumza nawe.

Nimeacha mwisho lile lililonikasirisha, ili nisiandike barua nzima kwa hasira. Kocha kumshika kijana bega na kumwambia "najua mama yako atafanya linalofaa." Huyo ni mtu anayepanga nani acheze. Kijana anayegombea namba hawezi kulisikia hilo kama salamu, na hakulisikia hivyo. Ndiyo maana akakupigia simu. Kama kocha anataka msaada wa mama, simu yako anayo, na njia ya kwenu anaijua. Labda hakukusudia ubaya. Lakini mtu anayelalamika kwamba bosi wake anatumia cheo kumpangia kikosi, kisha yeye anatumia kikosi kutafuta saini, hajaona kwamba wanafanana.

Mpigie mwanao. Usimwambie "baba yako kasema hapana," maana atakuona umejificha nyuma ya lori. Mwambie ni uamuzi wako. Muulize wale vijana wawili walioanguka walikuwa nani, na ilikuwaje. Halafu nyamaza, mwache aongee. Nakuhakikishia kuna mambo hajakusimulia, kwa sababu anajua ulivyokuwa ukiitafuta jezi 64. Akikuambia yeye mwenyewe aliwahi kukimbizwa akiwa anaona giza, utakuwa hunihitaji tena mimi kuhusu saini.

Mume wako ana busara ya mpangaji, ila mpangaji naye hufungua mlango akisikia harufu ya moto. Kwa hiyo usikae kimya kwenye kundi, watu watakupa maneno ambayo hukuyasema. Andika mara moja, kwa ufupi, kisha weka simu kwenye chaja ukalale. Unaweza kuandika hivi: "Ndugu wazazi, namheshimu kocha na ninamshukuru kwa mwanangu. Niko tayari kusaini barua inayosema mkurugenzi asiingilie upangaji wa kikosi. Siwezi kusaini inayorudisha mazoezi ya adhabu au inayoweka afya ya watoto chini ya kocha peke yake. Naomba pia tuulize kwa maandishi hali ya wale vijana wawili."

Wengine watanuna. Mama wa nahodha atanuna zaidi. Lakini katika kundi hilo huenda wamo wazazi wa wale vijana wawili walioanguka, na sidhani kama kuna mtu amewapigia simu. Anza na hao.

Shangazi